Gazeti Ukutani kwa Maduhu

Thobias Maganga hakuwahi kuchimba dhahabu. Hilo liwekwe sawa kabla ya jingine lolote, maana mpaka leo wapo watu mtaani Ngokolo, Shinyanga, watu wazima wenye wajukuu, wanaosimulia kwamba alipata jiwe la dhahabu lenye ukubwa wa ngumi, akaibiwa, akachanganyikiwa. Hakupata jiwe. Hakuibiwa. Katika maisha yake yote alifika Geita safari moja tu, kumsindikiza mdogo wake kutafuta kazi, akarudi na mafua. Wala mkewe hakuwa amemkimbia. Hao wanaosema mkewe alikuwa Ushetu kwa mwanamume mwingine juma lile alilofariki, waulizwe ni nani basi aliyekuwa akimpikia Thobias uji asubuhi. Uji ulipikwa. Aliyeupika ni Klara, mkewe, na bakuli lilirudi jikoni limejaa kama lilivyokwenda.

Ndiyo, Thobias alijiua. Hilo Klara hakulikana hata siku moja. Alichokataa ni mengine yote yaliyoshonewa juu yake.

Habari ya jiwe na habari ya mke zilizaliwa siku moja, katika chumba cha nyuma ya duka la mshonaji mjini Shinyanga, ambako Marselino alikuwa akipiga chapa gazeti lake la Tarumbeta. Lilikuwa gazeti la kurasa nne, likitoka kila Jumamosi: bei ya pamba, mpira, barua za wasomaji, matangazo ya baiskeli. Waliojua kusoma walikuwa wachache, lakini nakala moja ilitosheleza baraza zima, kwa sababu mmoja alisoma kwa sauti na wengine wakasikiliza, stesheni wakingoja treni, sokoni, kwenye vibaraza vya maduka. Kwa hiyo alichoandika Marselino kilikwenda mbali kuliko karatasi yake. Mwenyewe alilijua hilo, na akitembea mjini na kalamu zake mbili mfukoni mwa shati ungedhani ni yeye aliyeileta reli.

Klara alikuwa Msumbwa wa Ushetu, binti wa mkulima wa tumbaku aliyechekwa na majirani kwa kumpeleka mtoto wa kike shule ya masista. Alisoma mpaka akawa mwalimu, wakati ambapo wanawake wenye cheti cha ualimu katika jimbo zima wangeenea kwenye benchi moja. Alipoolewa na Thobias, karani wa mizigo wa stesheni, shangazi za bwana harusi walinong'ona kwamba kijana wao ameoa kitabu. Klara aliwasikia. Hakuwajibu, aliwapikia ugali wa mtama na kunde, akawaandalia kwa heshima zote, wakamaliza sufuria. Ndivyo alivyowajibu watu miaka yote, kwa kutowapa doa la kushika. Nguo zake zilipigwa pasi hata siku za palizi. Jina la nyumba yake lilikuwa safi, naye alikusudia libaki hivyo.

Thobias alikuwa mtu wa kupendeka. Kwaya ilimtegemea kwa sauti ya chini. Alizitambua injini za treni kwa mlio wake kabla hazijafika daraja, akazisalimu kwa majina aliyozipa mwenyewe. Mtu alipoleta mbuzi apelekwe Mwanza, Thobias aliandika kwenye kadi ya mzigo: "Abiria huyu apewe majani njiani." Mzungu wa stesheni alimkaripia, halafu akaomba kadi ile akawaonyeshe wenzake.

Ugonjwa ulimwingia polepole. Haukuwa na jipu wala homa, na hiyo ndiyo sababu watu hawakuuita ugonjwa. Alianza kukosa usingizi, kisha akakosa hamu ya chakula, kisha kwaya akaiacha. Treni zilipita bila kusalimiwa. "Mama Euphrasia," alimwambia Klara siku moja, wamekaa uani binti yao akichambua mchele, "naona kama nimebebeshwa gunia, na sioni mtu wa kunitua." Klara alimpeleka hospitali, wakapewa kwinini. Mama mkwe alileta mganga wake, na Klara, mtoto wa masista, aliuma midomo akamwacha mganga afanye kazi, maana angemkaribisha yeyote ambaye angemrudisha mumewe. Mvua zilipoanza alipata nafuu. Alikula. Pasaka aliimba. Baada ya mavuno ugonjwa ulirudi, na safari hii wakampoteza.

Parokia haikumgongea kengele. Wazee wa ukoo nao wakataka azikwe upesi, watu wanawe mikono na kutawanyika, wala jina lake lisitajwe tena, maana ndivyo walivyowafanyia tangu zamani waliokufa kifo kama hicho. Klara alitandika mikeka nyumbani kwake, akaketi juu yake na nguo nyeusi iliyopigwa pasi. Anayetaka kumlilia Thobias aje, asiyetaka abaki kwake. Wa kwanza kufika alikuwa Zuwena, mfanyabiashara wa mtaa wa pili, Mwislamu, amebeba birika lake na vikombe. Aliwasha moto akachemsha chai. Watu walipoona moshi walianza kuja, mmoja mmoja, wakitazama chini.

Kila aliyeuliza, Klara alimjibu: "Aliugua." Ilikuwa kweli, na ilitosha.

Jumamosi iliyofuata Tarumbeta likatoka. Herufi za kichwa cha habari zilikuwa kubwa kuliko zile zilizotumika kutangaza kifo cha mfalme mwaka uliotangulia: KARANI THOBIAS MAGANGA ASHINDWA NA DHAHABU NA MAPENZI. Chini yake Marselino alieleza yote. Alieleza mahali. Alieleza saa. Alieleza namna, hatua kwa hatua, kama mtu anayemfundisha mwari kupika pilau. Akaweka jiwe la dhahabu, akaweka mke aliyekimbia. Akaandika kwamba marehemu "ameishinda dunia" na kwamba alikwenda "kishujaa". Mwisho akaongeza kuwa jambo hilo "limo katika damu ya ukoo wa Maganga", kwani hata babu yao alifanya vivyo hivyo. Babu yao alikufa kwa ndui. Kijiji kizima kilijua.

Tarumbeta la siku hiyo liliisha kabla ya adhuhuri. Lilisomwa stesheni, kwenye meza ileile ambayo Thobias aliandikia kadi zake.

Klara hakulinunua. Lilimfuata. Alikwenda sokoni kununua karanga, na mwuzaji akamfungia ndani ya karatasi iliyokunjwa kama pembe. Alipoitazama aliona nusu ya jina la mumewe. Alizimimina karanga kwenye upindo wa kanga, akaichukua karatasi, akaichoma jikoni. Alijituliza kwamba karatasi ina mwisho wake. Hii itafungiwa chumvi, ile itawashia moto, nyingine italiwa na mbuzi. Ukifika msimu wa kupanda hakutabaki hata moja.

Hakujua kuhusu kuta za Nyarugusu.

Zuwena ndiye aliyezijua. Alikuwa akipeleka sukari na kanga kwa wachimbaji wadogo wa huko, upande wa Geita, waliotafuta dhahabu kwa majembe na karai pembeni mwa migodi ya Wazungu. Aliporudi safari moja hakupitia nyumbani kwake. Alikuja moja kwa moja kwa Klara, vumbi la lori likiwa bado usoni.

"Mama Euphrasia, shemeji yako Maduhu una habari naye?"

"Alituma salamu wakati wa matanga. Hakuja. Walisema duara lao lilikuwa limejaa maji." Duara ndilo shimo la wachimbaji, na Maduhu, mdogo wa pekee wa Thobias, alikuwa akifanya kazi ndani yake kwa mwaka wa pili.

"Basi mimi nimemwona. Haendi shimoni. Hali chakula. Na amegawa baiskeli."

"Ameuza?"

"Ningesema ameuza, ningekuja mbio hivi? Amegawa! Kampa rafiki yake Kalisti, na pampu yake."

"Maduhu? Yule aliyemnunia marehemu mwezi mzima kwa sababu ya pampu hiyohiyo?"

"Huyohuyo." Zuwena alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Na kuna jingine, mwenzangu. Ukutani kwake, pale anapolaza kichwa, amebandika lile gazeti."

Klara alikuwa ameshika chungio la chai. Aliliweka chini taratibu. Bakuli la uji lililorudi limejaa lilimjia mbele ya macho.

"Lori linaondoka lini?" akauliza.

"Alfajiri, lile la Kahama. Huko tutapata jingine la mahindi. Lakini Mama Euphrasia, wewe mwalimu, shule je? Watu watasema mjane ameonekana kwenye lori la mahindi anakwenda migodini. Unajua midomo ya hapa."

"Waseme," alisema Klara, na kwake yeye neno hilo halikuwa dogo. "Safari hii angalau watasema kitu nilichokifanya."

Vibanda vya Nyarugusu vilijengwa kwa fito na udongo, na upepo ulipita kila ufa. Kwa hiyo wachimbaji walikuwa na desturi yao: gazeti likishasomwa hupakwa uji wa muhogo na kubandikwa ukutani kuzuia vumbi. Mtu alilala akizungukwa na habari za zamani. Kwa Maduhu kulikuwa na picha ya malkia mpya wa Waingereza na taji lake, tangazo la cherehani, timu ya mpira isiyojulikana ya wapi. Na juu ya kitanda, peke yake, kama watu wengine wanavyotundika msalaba, palikuwa na ukurasa wa kwanza wa Tarumbeta.

"Shikamoo shemeji," alisema Maduhu akijaribu kusimama. Macho yalikuwa yameingia ndani.

"Marahaba. Kaa. Umekonda."

"Kazi, shemeji."

"Kazi gani? Zuwena anasema shimoni huendi."

Aliuonyesha ukuta kwa kidevu, na uso wake ukapata haya yenye fahari ndani yake. "Kaka yupo pale. Jina lake limepigwa chapa. Katika ukoo wetu hakuna mwingine."

Klara alikuwa amekuja na hasira ya kuuchana ukurasa ule mara akiuona. Mkono ulikuwa umekwisha kuinuka. Lakini alimtazama Maduhu, akaelewa kwamba kwake ule haukuwa uvumi. Ulikuwa heshima. Hakuna kengele iliyogongwa kwa kaka yake, hakuna mzee aliyeruhusu jina litajwe, na hapo palikuwa na karatasi iliyolitaja kwa herufi kubwa.

"Tangu lini unajua kusoma?" akauliza.

"Kalisti amenifundisha. Hapohapo ukutani. T ya Thobias, M ya Maganga. Herufi zangu zote nimezijulia hapo."

"Nisomee."

Alisoma kwa kidole, upesi, bila kukwama, maana hakuwa akisoma tena. Alikuwa ameyashika yote kwa moyo kama Baba Yetu. Alipokaribia pale Marselino alipoanza kueleza namna, Klara aliweka kiganja chake juu ya maneno, akayafunika.

"Hapa unapasoma mara ngapi?"

"Kila siku, shemeji." Alitazama kiganja kile. "Wanasema kaka alikuwa shujaa. Wanasema limo katika damu yetu. Babu, kisha kaka. Mimi ni nani nibishane na gazeti?"

"Babu yako alikufa kwa ndui! Mama yako ndiye aliyempelekea maji mpaka siku ya mwisho. Umemwuliza mama yako, au umemwuliza Marselino?"

Nje watu walikuwa wakisuuza mchanga kwenye karai, na mmoja alikuwa akimcheka mwenzake kwamba anaosha matope kama anayeosha mtoto.

Kuna neno ambalo watu hawakulitamka mbele ya mtu mwenye majonzi, wakihofia kwamba kulitamka ni kuliita. Klara naye hakuwahi kulitamka mbele ya Thobias. Sasa alilitamka, bila kupepesa, kama anavyomwuliza mwanafunzi somo.

"Maduhu. Unataka kujiua?"

Mabega ya kijana yalishuka, kana kwamba mtu alikuwa ameyashika akayaachia. "Sijui kama nataka," alisema. "Naona tu kama zamu yangu imefika."

Hakumkemea. Hakumwambia ni dhambi, hakumwambia ni aibu. Hayo mawili yalikuwa yamesemwa vya kutosha juu ya kaburi la Thobias na hayakumsaidia mtu. Aliketi chini kando ya kitanda, nguo yake nyeusi juu ya vumbi, akamsimulia habari za kaka yake ambazo hazikuwa ukutani. Thobias hakuwa shujaa siku zile. Alikuwa mgonjwa, aliyechoka, aliyeogopa. Hakuishinda dunia. Dunia aliipenda, na alipopata nafuu siku za mvua aliomba maharage ya nazi, akala sahani mbili, akaimba. Alisema amebebeshwa gunia.

"Wewe unalo gunia hilo?"

"Ninalo."

"Tangu lini?"

"Kabla ya kaka. Sikumwambia mtu. Nani atamwambia mtu jambo kama hilo huku?"

"Umeniambia mimi. Kuanzia sasa hulibebi peke yako."

Akamwuliza kama ameweka kitu tayari. Maduhu akamwonyesha. Klara alikichukua, akampa Zuwena, na Zuwena akaenda nacho bila kuuliza. Aliporudi alikuwa amemshika Kalisti kwa mkono wa shati. Kalisti alikuwa akikokota baiskeli.

"Mwanamume mzima wewe!" Zuwena alikuwa akisema. "Mtu anakupa baiskeli na pampu yake, unapokea tu?"

"Nilimwuliza, Mama. Akasema anasafiri."

"Anasafiri bila baiskeli? Hukushangaa?"

"Nilishangaa," alisema Kalisti, naye alikuwa karibu kulia. "Sikujua kwamba kushangaa kunatakiwa kusemwa." Aliiegemeza baiskeli ukutani. "Chukua, Maduhu. Hata mnyororo unanilia kama paka."

Maduhu alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kibovu, lakini Zuwena alikwenda nje akafunika uso kwa kanga.

Ukurasa ule waliulowesha maji wakaubandua, na Maduhu mwenyewe akashika upande mmoja. Udongo wa ukuta ulitoka nao. Alipoona Klara anataka kuukunja, alisema kwa unyonge, "Na jina lake, shemeji?" Klara akaomba wembe. Akalikata lile jina, Thobias Maganga, hilo tu, akampa. Maduhu aliliweka mfukoni mwa shati, na wakaondoka naye siku ileile. Kalisti akawasindikiza mpaka Kahama, asimwache rafiki yake hata alipokwenda kujisaidia.

Waliporudi Shinyanga, Klara hakusubiri kubadili nguo. Aliingia katika chumba cha nyuma ya duka la mshonaji akiwa na vumbi la safari nzima, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Maduhu alibaki mlangoni na Zuwena.

"Mama Mwalimu! Karibu, karibu kiti," alisema Marselino, akifuta wino mikononi. "Pole na msiba. Kwa kweli ile habari imesomwa sana. Imefika mpaka Kahama."

"Imefika mpaka Nyarugusu."

"Nyarugusu!" Uso ulimng'aa. "Unaona? Wasomaji wameomba sehemu ya pili. Nimekwisha kuipanga, hii hapa." Akaonyesha kibao chenye herufi za risasi za kupigia chapa, zilizopangwa safu kwa safu. "Kama ungependa kuongeza neno, wewe kama mjane..."

Klara aliufungua ukurasa, akautandaza juu ya meza yake. Udongo mkavu ulianguka juu ya herufi. Katikati ya kichwa cha habari palikuwa na tundu.

"Hili tundu?" aliuliza Marselino.

"Hapo palikuwa na jina la mume wangu. Nimelitoa. Lililobaki ni lako."

"Mama Mwalimu, mimi ni mtu wa habari. Watu wana haki ya kujua."

"Kujua nini? Bei ya pamba, wana haki. Treni imechelewa, wana haki. Kwamba Thobias Maganga amefariki, wana haki, aliwahudumia miaka mingi. Lakini namna, na mahali, na saa, nani mwenye haki hiyo? Mtu mzima wa afya hana kazi nayo. Ataisoma, atasikitika, atakwenda kula. Atakayeishika ni mmoja tu, yule aliyekwisha kuanza kutafuta. Wewe ulimwandikia huyo. Ulimwelekeza njia, halafu ukamwambia huko mbele kuna ushujaa."

"Sikukusudia hivyo."

"Ulikusudia gazeti liishe kabla ya adhuhuri. Nyumba yangu unaijua, umekula kwangu siku ya ubatizo wa Euphrasia. Ulikuja kuniuliza lolote?"

"Niliambiwa stesheni..."

"Uliambiwa jiwe la dhahabu?"

"Watu husema," alisema Marselino, na sauti ilikuwa imepungua.

"Na babu aliyekufa kwa ndui, nani alimwua mara ya pili?"

Hapo Maduhu akaingia. Hakuwa na hasira. Hasira zote za ukoo siku hiyo zilikuwa zimebebwa na shemeji yake. "Bwana Marselino," alisema, "mimi ni mdogo wake. Nimejifunza kusoma kwa gazeti lako. Ukurasa huu nimeusoma wote, mara nyingi. Sikuona mahali palipoandikwa kwamba mtu mwenye hali kama ile aende kwa nani."

Marselino alimtazama, akautazama udongo wa ukuta nyuma ya karatasi, akamtazama tena. Aliketi kwenye kile kiti alichomkaribisha Klara.

"Niandike nini basi?" alisema. "Nikiandika kwamba aliugua tu, nani atanunua?"

"Asinunue."

Alinuna. Lakini alikivuta kile kibao cha sehemu ya pili, akaanza kuzing'oa herufi, moja moja, akizirudisha katika visanduku vyake. Klara alisimama pale mpaka safu ya mwisho ilipovunjwa. Kisha akamtajia maneno, naye akayapanga: kwamba Thobias Maganga, karani wa mizigo, mwimbaji, mume na baba, alifariki baada ya kuugua kwa muda mrefu ugonjwa wa huzuni, kwamba habari za dhahabu na za mkewe hazikuwa za kweli, kwamba ugonjwa huo hauna ukoo wala aibu na watu wengi huupata wakapona, kwamba anayejiona amelemewa amwambie mtu mmoja anayemwamini, leo, na huyo aliyeambiwa asimwache peke yake.

Yalitoka ukurasa wa nne, chini ya tangazo la baiskeli, kwa herufi ndogo kama mchele. Uongo ulipewa ukurasa wa kwanza. Klara alimweleza Marselino hilo uso kwa uso, na miaka michache baadaye, kijana mmoja wa soko alipokufa vivyo hivyo na Tarumbeta likaanza tena hadithi zake za mapenzi, alirudi katika chumba kile akamweleza upya, kwa sauti iliyosikika mpaka kwa mshonaji. Juma lililofuata habari ile haikuendelea.

Maduhu alikaa Ngokolo. Klara alimfundisha kusoma upya kwa vitabu vya shule, na baadaye akapata kazi kwenye kinu cha kuchambulia pamba. Hakupona kama mtu anavyopona homa. Zilikuja siku za gunia, naye alijifunza kusema, "Shemeji, leo lipo," na siku hiyo mtu alikaa naye: Klara, au mama yake, au Zuwena na birika lake. Kalisti alipopita kutoka migodini alilala kwao, na kila mara aliuliza habari za baiskeli kwanza ili apate kuuliza habari za mwenyewe.

Na watu wa Ngokolo hawakuacha. Mpaka Euphrasia anaolewa, palikuwa na mama mmoja wa upande wa bwana harusi, aliyevaa vizuri, amekula vizuri, aliyemsogelea Klara mbele ya wageni akamshika goti.

"Mama Euphrasia, tumekuwa ndugu sasa. Yale ya marehemu tulisikia mengi, moja hivi, jingine vile. Hebu tuambie wewe mwenyewe. Hasa ilikuwaje?"

Maduhu alikuwa akipitisha maji ya kunawa. Birika lilisimama mkononi mwake.

Klara alimtazama shemeji yake, akamtazama yule mama, akauondoa mkono wake gotini kwa adabu.

"Aliugua, tukampoteza. Aliitwa Thobias Maganga na alikuwa karani wa mizigo. Zaidi ya hapo sisemi, si leo wala kesho. Nawa mikono, chakula kinapoa."